Mwenye Pumu Naye Akimbie

Wasikilizaji wangu, na ninyi vijana ambao huenda redio hii imefunguliwa na wazee wenu nanyi mnaisikiliza kwa kuwa hamna njia ya kutoka, jambo nililoliteua leo ni la kijana mwenye pumu na mbio zake. Nimeliteua kusudi, maana katika maradhi yote yawapatayo watoto sijaona jingine ambalo huruma ya wakubwa huchanganyika nalo hata ikamdhuru yule yule anayehurumiwa.

Tutazame shule yoyote ya bara, alfajiri, wakati wa mchakamchaka. Kiranja yuko mbele anatoa wimbo, safu zilizo nyuma zinaitikia, vumbi linatimka, na pembeni, chini ya mwembe, wameketi watatu wenye ruhusa. Mmoja kateguka mguu, wa pili ana homa, na wa tatu ana pumu. Wa mguu atarudi safuni baada ya majuma mawili, na wa homa baada ya siku chache. Huyu wa pumu atakaa pale mwaka mzima, akishika viatu vya wenzake na saa ya mwalimu, hata kukaa kwake kuwe desturi isiyoulizwa na mtu, na hata yeye mwenyewe asadiki ya kwamba kifua chake hakikuumbwa kwa mbio. Akiwa ni msichana, hapana hata atakayestaajabu, kwa kuwa wapo wengi ambao kwao msichana aliyeketi ni msichana mwenye adabu. Baada ya miaka mitatu minne ya kukaa namna hiyo, mpandisheni ngazi za ghorofa mbili, mtamwona anatweta, nanyi mtasema: Mnaona? Ndiyo pumu hiyo. Mimi nasema, wala sitanong'ona, ya kwamba aghalabu ule ni mwembe.

Kulithibitisha neno hili yatupasa tujue kwanza yanayopita kifuani. Pumu, kwa maelezo ya matabibu wa zama hizi, ni maradhi ya njia za hewa zilizomo mapafuni, ambazo kuta zake hukaa na uvimbe hata siku ambazo mgonjwa hajisikii lolote, na kwa sababu ya uvimbe huo huwa nyepesi kuchokozeka. Zikichokozwa na vumbi, moshi, mafua, manyoya ya paka au hewa kavu, misuli midogo inayozizunguka hujikaza, kuta huzidi kuvimba, ute mzito hujaa ndani, na hewa iliyokwisha kuingia hupata taabu ya kutoka, ndipo ukasikia ule mluzi kifuani na kikohozi kisichokwisha. Mtu aliyekaa kitako huvuta kiasi cha lita 6 za hewa kwa dakika, na pua yake hupata wasaa wa kuipasha moto hewa ile na kuitia unyevu kabla haijafika chini. Kijana anayekimbia kwa nguvu zake zote aweza kuvuta lita 100 na zaidi katika dakika hiyo hiyo, tena kwa kinywa, na hewa hiyo hufika kwenye njia ndogo ikiwa ingali kavu na baridi, ikazinyang'anya maji yake. Nazo zikikauka, seli zilizomo humwaga vitu vinavyoifanya misuli ijikaze. Ndiyo sababu uwanja wa Njombe mwezi wa Julai, baridi ingali juu ya majani, humbana kijana kifua upesi kuliko uwanja wa Tanga au wa Lamu, ambako hewa ni ya moto na ina unyevu wa bahari. Na ndiyo sababu matabibu wengi wamewapendelea wagonjwa wao kuogelea, kwani hewa iliyo juu ya maji ni laini kifuani, ijapokuwa bwawa lililofungiwa ndani ya nyumba na kutiwa klorini nyingi laweza nalo kuchokoza.

Sasa naomba masikio yenu hasa, ninyi walimu wa michezo, kwa maana hapa ndipo mambo mawili yanapochanganywa kila siku. Kuhema kwa mtu asiye na mazoezi hufikia kilele chake angali anakimbia, na akisimama hupungua, hata baada ya dakika chache jasho linamtoka na maneno pia yanamtoka. Pumu ya mbio ina tabia nyingine. Mara nyingi kijana humaliza mbio zake salama, kisha, dakika ya 5 au ya 10 baada ya kusimama, wakati wenzake wamekwisha tulia na wanagombania maji bombani, ndipo kifua chake kinapoanza kubana, kikohozi kikavu kikamshika, na mluzi ukasikika anapotoa pumzi; na hali hiyo hata bila ya dawa aghalabu huondoka yenyewe katika muda wa nusu saa hadi saa nzima. Hospitalini hupima kwa njia iliyo karibu na hii: kijana hukimbizwa dakika 6 hadi 8, kisha hupuliza kwa nguvu katika chombo, na ikiwa ile hewa anayoweza kuisukuma nje katika sekunde ya kwanza imepungua kwa sehemu 10 katika 100 au zaidi kuliko kabla ya kukimbia, basi njia zake zimejikaza. Lakini mwalimu mwenye saa na masikio, akiliangalia jambo hili mara kadhaa, atajua mengi kabla ya kipimo chochote. Kama yule kijana alikuwa hoi katikati ya mbio na baada ya kupumzika kidogo akawa mzima, hapo mwalimu ameona miguu na moyo visivyozoea kazi, na dawa yake ni kazi.

Maana pumzi za kukimbilia hazikai mapafuni peke yake. Mapafu ya mtu, hata ya mwenye pumu iliyotulizwa vyema, huwa na akiba kubwa. Kinachompa mtu ukomo wake ni moyo unaosukuma damu na misuli inayotumia hewa iliyochukuliwa na damu hiyo, na viungo hivyo viwili hupata nguvu kwa kutumikishwa, huipoteza kwa kuachwa. Jahazi likipandishwa pwani likakaa miezi mingi juani, mbao zake hukauka na kuachana, na siku likishushwa majini huvuja kila upande; nahodha asiyejua ataitukana bahari. Kijana aliyekalishwa huhema mapema, akihema huogopa, akiogopa hukaa, na kukaa kule humfanya aheme mapema zaidi juma lijalo. Na mama yake, ambaye usiku mmoja alimpakata mtoto huyo huyo akiwa hawezi kupumua, hana moyo wa kuikata duara hiyo, wala mimi simlaumu, kwa kuwa aliyekwisha kuona mwanawe akitafuta hewa hasahau.

Hoja hii haikujengwa juu ya dhana. Mwaka 2013 jamii ya wataalamu iitwayo Cochrane, ambayo kazi yake ni kuyakusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa mizani moja, iliyatazama majaribio 21 yaliyohusisha watu 772 wenye pumu, wa umri wa miaka 8 na kuendelea, waliofanyishwa mazoezi kwa utaratibu. Walionekana kuyastahimili vizuri, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa kazi ngumu ukaongezeka. Walakini vipimo vya kupuliza, walipokuwa wametulia, havikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Nawasihi msiipite nusu hii ya pili. Mazoezi hayakuiondoa pumu, na yeyote anayemwambia kijana atupe dawa zake kwa kuwa sasa ni mwanariadha anamtia hatarini.

Wazee wa tiba hawakuwa mbali na hayo. Tabibu wa Kiyunani Aretaeus wa Kapadokia aliiandika pumu akiihusisha na mbio na kazi nzito. Musa bin Maimun, Myahudi wa Kurtuba aliyekuwa tabibu mjini Kairo, aliandika kwa Kiarabu mwishoni mwa karne ya 12 kitabu kizima cha pumu, akisisitiza hewa safi na kiasi katika kula. Na Mwingereza John Floyer, ambaye pumu ilikuwa mwilini mwake mwenyewe, alichapisha chake mwaka 1698. Wote hao waliliona tatizo la pumzi na kazi, lakini hawakuwa na kitu cha kumpa mgonjwa kabla ya kukimbia. Kitu hicho kilikuja baadaye sana, na kilikuja kwa swali la mtoto: katikati ya miaka ya 1950 binti wa miaka 13 huko Marekani, mwenye pumu, alimwuliza baba yake, aliyekuwa mkuu wa kiwanda cha dawa, kwa nini dawa yake isiwekwe katika kikopo cha kupuliza kama vile dawa ya nywele, na mwaka 1956 pampu ya kwanza ya namna hiyo ikatoka madukani.

Wanamichezo wenye maradhi haya mwawajua, ijapokuwa huenda hamkujua kwamba wanayo. Katika Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972 mvulana wa Kimarekani wa miaka 16, Rick DeMont, alishinda mbio za kuogelea za mita 400 kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde, kisha akanyang'anywa medali kwa kuwa mkojo wake ulikutwa na efedrini, iliyokatazwa michezoni, nayo ilikuwamo katika dawa yake ya pumu. Naye alikwisha kuitaja dawa hiyo katika karatasi zake, ila wakubwa wa timu yake hawakulifikisha neno mahali palipohusika. Mwaka uliofuata, mjini Belgrade, akawa mtu wa kwanza kuogelea masafa hayo chini ya dakika 4. Siku hizi salbutamoli ya kuvuta, dawa ya kufungua njia za hewa, huruhusiwa michezoni kwa kipimo maalumu. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyegunduliwa kuwa na pumu katika ujana wake, alikimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya wanawake iliyokaa miaka 16 bila kuguswa hata alipokuja Brigid Kosgei wa Kenya kuivunja mjini Chicago. Na Haile Gebrselassie wa Ethiopia, ambaye naye ana pumu, alikataa kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 kwa kuuhofia moshi wa mji ule, akashiriki mita 10,000 tu, kisha mwezi wa Septemba akaenda Berlin penye hewa nzuri, akavunja rekodi ya ulimwengu kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59. Huyu wa mwisho ndiye nimpendaye kumtolea mfano, kwa sababu alijua siku ya kukataa kama alivyojua siku ya kukimbia.

Tuje kwenye dawa, nami nitasema bila ya kupamba. Pampu ya bluu, yenye salbutamoli, huilegeza ile misuli iliyojikaza, na kazi yake huonekana katika dakika chache, ndiyo maana hupendwa. Pampu ya dawa ya kuzuia, ambayo mara nyingi ni ya rangi ya kahawia na ndani yake mna beklometasoni au dawa ya jamii yake, huutuliza uvimbe wenyewe polepole, kwa majuma, haimpi mtu raha ya papo hapo, ndiyo maana huachwa kabatini. Watu wetu hununua ya bluu, tena moja moja, wakaivuta kila wanapobanwa. Na tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umesema waziwazi kwamba watu wazima na vijana waliofika miaka 12 wasitibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake, kwa kuwa uvimbe hubaki ndani ukiendelea na kazi yake hali mgonjwa anajiona mzima. Kijana anayebanwa kila akikimbia, mara nyingi anatuambia kwamba pumu yake ya kila siku haijatulizwa, na tabibu akiituliza hiyo, mbio nazo hutengenea. Zaidi ya hayo, tabibu aweza kumwagiza avute ile ya kufungua kiasi cha dakika 15 kabla ya mchezo. Na ule usemi wa mitaani kwamba pampu ukiianza huiachi, kwa hiyo mtoto akae mbali nayo mpaka hali iwe mbaya kabisa, nimeusikia kwa watu wenye elimu zao pia. Dawa hizi hazimfanyi mtu mtumwa, na kinachomrudisha kwenye pampu ni maradhi yale yale aliyokuwa nayo kabla ya kuishika.

Wengi wanaivuta vibaya, dawa ikaishia ulimini na kooni. Kwa ajili hiyo hutumika kichupa cha kukaa katikati ya pampu na kinywa, ambacho dukani ni ghali, lakini mwaka 1999 Heather Zar na wenzake, matabibu wa watoto mjini Cape Town, walionyesha kuwa chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita yatosha. Waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu hutiwa moto, ukachoma tundu kwenye kitako cha chupa, pampu ikaingia pale ikabana sawasawa, na ukingo ukazibwa kwa gundi. Mtoto huushika mdomo wa chupa kwa midomo yake, pampu hubonyezwa mara moja, naye akavuta na kutoa pumzi mara kadhaa bila haraka, ndipo ibonyezwe tena. Kabla ya kuitumia ioshwe kwa maji ya sabuni iachwe ijikaukie, isifutwe kwa kitambaa, kwani plastiki iliyosuguliwa huivuta dawa ikaganda kwenye kuta. Fundi wa shule, au mwanafunzi yeyote aliye mwepesi wa mikono akisimamiwa na mkubwa, aweza kutengeneza nyingi katika alasiri moja.

Kijana aliyekwisha kupata dawa yake na idhini ya tabibu aanze kwa kutembea upesi, achanganye na mbio fupi zenye mapumziko, kisha azidishe juma kwa juma. Na kila siku, kabla ya mchezo wenyewe, aupashe mwili moto kwa dakika 10 au 15 zenye vipande vidogo vya mbio kali, kwa sababu baadhi yao wakifanya hivyo hupata baada yake muda wa saa moja, mbili au hata tatu ambao njia za hewa hazijikazi kwa urahisi. Mpira wa wavu, netiboli na mbio fupi, ambamo mtu hukimbia akapumzika, huwa rahisi kuanzia kuliko mbio ndefu za mfululizo. Asubuhi ya baridi afunike kinywa na pua kwa skafu. Akiwa na mafua au kikohozi apumzike, na siku hiyo mwembe una haki naye. Shabaha ni ile ile waliyowekewa watoto wote na Shirika la Afya Duniani: wastani wa dakika 60 za kazi ya mwili kwa siku, kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 17.

Na mazingira nayo yatazamwe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998, uliowakimbiza watoto wa shule wa Nairobi na wa wilaya ya Murang'a kisha ukawapima pumzi, ulikuta kwamba waliobanwa na mbio huko shamba walikuwa kiasi cha 13 katika 100, na mjini kiasi cha 23. Shule iliyo kando ya barabara kuu ingefanya vyema kuipeleka saa ya michezo mbali na saa ya magari. Na ninyi wenzangu wa pwani, ambao nyumba zetu hatuzioni kuwa zimekamilika bila ya udi na ubani, tena usiku tukaongeza dawa ya mbu ya kuchoma na jiko la mkaa ukumbini, tujue kwamba moshi hauna heshima kifuani kwa sababu una harufu nzuri.

Limebaki moja, nalo ni la walimu wakuu. Katika shule nyingi pampu ya mwanafunzi huchukuliwa ikafungiwa ofisini pamoja na simu na visu, na ufunguo ukaondoka na mtu aliyekwenda benki. Kijana mwenye akili timamu akae na pampu yake mfukoni, uwanjani na bwenini. Akibanwa, aketishwe wima, asilazwe, na watu wasimzonge. Avute ile ya bluu kwa kupitia chupa, mbonyezo mmoja kwa wakati mmoja, hata ifike minne, na ikilazimu iongezwe hadi kumi. Kama hajapata nafuu, irudiwe baada ya dakika 20, huku gari likitafutwa. Lakini mkimwona hawezi kumaliza sentensi moja bila ya kukata pumzi, au midomo yake imeanza kugeuka rangi, au ule mluzi umenyamaza hali yeye bado anahangaika, msingoje hizo dakika 20: apelekwe hospitali saa ile ile, na chupa yake iingie naye garini, aendelee kuvuta njiani.